Ndimu Yenye Jina la Mohdhar

Nyumba ya marehemu Bi Mwanakhamis pale Kibokoni ina ukuta katikati ya sebule. Ni ukuta wa matofali ya simiti, haukupakwa chokaa upande wowote, na anayeingia kwa mara ya kwanza huutazama kisha akajifanya hakuuona. Ulijengwa baada ya mwenye nyumba kufariki, wanawe wawili waliposhindwa kusikilizana. Mkubwa, Mohdhar, alitaka nyumba iuzwe, kila mtu ashike njia yake. Mdogo, Huzaifa, akasema nyumba ya mama haiuzwi yeye akiwa hai. Wakaanza kutupiana maneno ndani, wakayamalizia barazani mbele ya majirani. Mwishowe akaitwa fundi.

Tangu hapo Huzaifa alitumia mlango wa mbele na Mohdhar mlango wa nyuma unaotokea kichochoroni. Hawakusemezana tena. Lakini tofali halizuii sauti. Huzaifa alimsikia kaka yake akikohoa, akifungua redio, akisoma Kurani baada ya alfajiri. Na tangu mke wa Mohdhar alipofariki, kila adhuhuri alisikia kijiko kimoja kikigonga sahani moja. Sauti hiyo ndiyo iliyomkera kuliko zote. Pale pale ulipopita ukuta ndipo mama yao alipokuwa akitandika mkeka na kuweka sinia.

Sasa Jannat, binti yake Huzaifa, alikuwa anaolewa. Nikaha ingefungwa msikitini alasiri, kisha jamaa wa pande zote mbili wale chakula cha jioni Kizingo, kwenye bustani ya nyumba kubwa waliyoikodi. Huzaifa hakutaka Kizingo. Alitaka turubai lifungwe mtaani, mikeka itandikwe, watu wale kwenye masinia kama alivyooa yeye na kama alivyooa baba yake. Mkewe, Fadhiya, akamuuliza atakaaje chini na magoti yake yale, naye akijiinua msikitini hushika nguzo. Huzaifa akasema magoti yake hayahusiani na harusi. Fadhiya akaenda zake jikoni, na jambo likawa limekwisha.

Ndipo akaja Ndinda. Alikuwa mama wa makamo, Mkamba aliyezaliwa Makupa baba yake akifanya kazi ya reli, na kazi yake ilikuwa kupamba meza za harusi. Alikuja asubuhi na kapu lake, akaomba meza moja na kiti kimoja, awapangie nafasi ya mgeni mmoja waione kabla ya kukubaliana. Meza ikawekwa sebuleni, ubavuni mwa ukuta, kwa sababu hapakuwa na pengine.

Alipanga huku akieleza. Kwanza kiti, alisema, sahani baadaye. Mketishe mtu uone viwiko vyake vinafika wapi, kwa sababu mgeni aliyebanwa hali kwa raha hata ukimpa sahani ya dhahabu. Akamketisha Huzaifa, akampimia nafasi kwa mikono yake mwenyewe. Kitambaa cha meza kisishuke mpaka mapajani, la sivyo mwenye kanzu akiinuka atainuka nacho na vyombo vyote. Sahani isikae ukingoni, iingie ndani upana wa kidole gumba. Chini ya sahani akaweka kipande cha jani la mgomba alichokipitisha motoni kikalainika, na sahani nyeupe juu yake ikapendeza mpaka Fadhiya akatoa sauti. Maua marefu hakuyataka kabisa. Alisema watu huja harusini kutazamana, na mtu akikaa saa nzima anatafuta uso wa mwenziwe nyuma ya chungu cha maua, huyo mmemnyima nusu ya harusi.

Badala ya maua marefu alitaka asumini. Kila mwanamke akute kikuba, kishada cha kubandika kifuani, juu ya kitambaa chake cha kujifutia, na kila mwanamume akute asumini chache tu pembeni mwa sahani. Zitungwe alasiri zingali tumba, zifunikwe kwa nguo mbichi, ziwekwe mezani jua linapozama, ili zifunuke wageni wakiwa wanaketi. Mtu akiziweka mapema, alisema, wageni watakuta uchafu wa rangi ya chai.

Mama yake Huzaifa alikuwa akifanya hivyo hivyo. Alikuwa akikaa ukumbini na ungo wa asumini mapajani, sindano mdomoni, na mtoto yeyote aliyegusa zile tumba alipigwa kibao cha mkono. Harufu ile ilikuwa ikiwafikia watoto hata walipokuwa wamelala, na asubuhi mto mzima ulikuwa unanukia Idi.

Huzaifa alipoona uma umewekwa upande wa kushoto akapata la kusema.

"Huo utashikwa na mkono gani?"

"Ndivyo unavyowekwa hotelini, mzee."

"Hotelini wana mambo yao. Wewe hapa ukimwekea bibi yangu mmoja uma kushoto, ataona unamtukana."

Ndinda akacheka, akauhamishia kulia pamoja na kijiko. Akaondoa na kisu, akisema kama mpishi anajua kazi yake nyama haitahitaji kisu. Mahali pa kisu akaweka bakuli dogo la maji ya kunawa. Huzaifa akauliza birika limekwenda wapi. Akaambiwa hakuna atakayeweza kupita na birika na tasa katikati ya viti vile bila kumlowesha mtu.

Hilo nalo likampeleka mbali. Yeye ndiye alikuwa mshika birika wa nyumba hii. Kila kukiwa na wageni alipita na birika la shaba, Mohdhar akimfuata na taulo begani, na kazi ya Mohdhar ilikuwa kumkanyaga kisigino ili amwage maji. Wageni walikuwa wakilowa kanzu, mama anapiga kelele jikoni, Mohdhar anatazama dari kama aliyeona mjusi.

Mwisho kabisa Ndinda akatoa kadi ndogo ya jina na ndimu moja. Akaikata ndimu chini kidogo ikae bila kubingirika, akaichana juu, akaichomeka kadi ikasimama. Kizingo kuna upepo wa bahari, alieleza, na kadi isiyoshikwa itakwenda kumtafuta mwenyewe mpaka Mbaraki. Tena ndimu haipotei bure, mgeni akishajua pake ataikamua kwenye biriani.

Kwenye majina pakawa na kazi. Jannat alikuwa ameandika majina ya kwenye vitambulisho, na Fadhiya aliyasoma akashangaa hawa ni watu gani. Yule mzee wa Kuze ambaye mji mzima unamwita Bwana Zulia, kwa sababu aliuza mazulia ujanani, aliandikwa jina ambalo pengine hata mkewe hakulijua. Fadhiya akasema wakimwandikia hivyo atazunguka meza usiku kucha halafu aende zake kulala na njaa. Wakaandika upya, kila mtu kwa jina analoitwa.

Walipofika mwisho Jannat akaishika kadi moja bila kuiweka.

"Baba, Ami Mohdhar atakaa wapi?"

Huzaifa alisema akae popote.

"Meza zangu hazina popote, mzee," Ndinda akamwambia kwa upole. "Kila mtu ana pake."

"Basi mweke mwisho. Kule na watu wa bwana harusi."

Upande wa pili wa ukuta redio iliyokuwa ikisema ikazimwa. Wote waliisikia ikizimwa. Jannat akaweka kadi kapuni, akatoka kwenda jikoni, na mama yake akamfuata. Ndinda akakusanya vyombo vyake polepole na kutazama kazi yake, kama mtu aliyekulia kwenye nyumba za watu wengi na anajua wakati wa kuwa kiziwi.

Baadaye Jannat alirudi akakaa karibu na baba yake. Hakulia wala hakulalamika. Alisema bustani, maua na nguo, vyote hivyo angeweza kuolewa bila kuwa navyo. Lakini Ami ndiye aliyekuwa akimpeleka madrasa mabegani, kabla ukuta haujakuwako, na yeye hawezi kumaliza siku ile akiwa amewaona mmoja huku na mmoja kule kama walivyo hapa. Huzaifa akamwambia kwamba Ami wake ameshapelekewa kadi ya mwaliko, kuja ni juu yake.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa, naye alilijua. Mjini mle kadi ya mwaliko hupelekewa mkuu wa kazi, au mtu wa mbali, au jirani wa kupita. Ndugu wa damu hapelekewi kadi. Unakwenda mwenyewe, unabisha hodi, unaketi, unamwambia kwa mdomo wako kwamba mtoto wetu anaolewa. Huzaifa alikuwa amempa jirani kadi ampelekee kaka yake kama anayempelekea bwana posta. Wakati ule alijiambia kwamba amefanya vizuri, hakumtenga. Mohdhar aliipokea, akashukuru, akafunga mlango.

Adhuhuri ya siku ile Huzaifa alikaa kula. Akasubiri sauti ya kijiko. Haikuja. Siku iliyofuata vilevile haikuja. Kukohoa alikusikia, na Kurani aliisikia, kwa hivyo mtu yu hai na si mgonjwa. Ila ama aliacha kula adhuhuri, ama alikula kwa vidole polepole asisikike. Huzaifa hakujua lipi ni baya zaidi. Akamsukumia Fadhiya sahani yake akasema wali hauna chumvi, na wali ulikuwa na chumvi.

Ikabaki siku moja. Akavaa kanzu, akatoka mlango wa mbele, akazunguka nyumba yake mwenyewe mpaka kichochoroni. Safari ile haikufika hatua za kuchosha mtoto, lakini alisimama mara mbili, mara ya pili akijifanya anatazama waya wa umeme. Akabisha.

Mohdhar alifungua akiwa na kikoi na fulana. Alikuwa amekonda. Kupitia ukuta mtu hasikiki kwamba amekonda.

"Hodi," akasema Huzaifa, ingawa mlango ulikuwa wazi tayari.

"Karibu."

Hakuingia. "Ni kesho. Wakishafunga nikaha alasiri, chakula ni Kizingo, baada ya Magharibi."

"Nimeipata kadi."

"Kadi ni za watu."

"Na mimi?"

Huzaifa akatazama chini. Alikuwa ametayarisha maneno mazuri tangu asubuhi, na yote yalikuwa yamekwenda. "Ndio nimekuja," akasema.

Mohdhar akasema ataona, magari ya kwenda Kizingo si rahisi kwa mtu asiye na gari, na anaswali Magharibi msikiti wa hapa hapa. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Akafunga mlango bila kuubamiza, na Huzaifa akazunguka nyumba tena.

Msikitini siku ya nikaha alimwona, safu ya nyuma, na imamu alipomaliza akamwona akitoka miongoni mwa wa kwanza.

Jua linapozama Huzaifa alifika bustanini Kizingo kabla ya wageni. Meza za wanaume zilikuwa upande huu, za wanawake upande ule, ua wa michongoma katikati, na Ndinda alikuwa akipita na sinia la asumini akiziweka moja moja, wasichana wake wakimfuata na maji ya kunawa. Upepo ulikuwapo kweli. Vitambaa vya meza vilibanwa kwa vibanio, na kadi zote zilisimama kwenye ndimu zao bila kutikisika. Lazima mtu aseme kweli, palipendeza. Huzaifa alipita akitazama kila nafasi, jani chini ya sahani, uma kulia, na akajua kwamba mama yake angeikagua meza ile yote akakosa la kulalamikia, jambo ambalo lingemuudhi.

Akaenda mpaka mwisho wa meza ya mbali. Ndimu ya Mohdhar ilikuwa pale kama alivyoagiza, baina ya binamu wa bwana harusi na mtu ambaye hakumjua. Akaichukua. Akarudi nayo mpaka meza yake, na pale karibu na nafasi yake akaondoa ndimu ya Bwana Zulia akaisogeza kiti kimoja, akaweka ya kaka yake. Alipoinua macho Ndinda alikuwa anamtazama. Huzaifa alimwambia kwamba upepo uliihamisha. Ndinda akakubali kwamba upepo wa Kizingo ni mbaya, akaja akaweka asumini za upya.

Wageni wakaingia. Zamani kazi kubwa ya karamu ilikuwa kuketisha wazee, maana hakuna aliyekubali kutangulia. Tafadhali wewe, la hasha, pita wewe, hata wali unapoa. Safari hii kila mzee alipojaribu kumtanguliza mwenziwe alikuta jina lake limekwisha kumsubiri, na hakuwa na hoja. Bwana Zulia aliiona kadi yake akasema kwa sauti kwamba miaka yote hii alidhani anafichwa, kumbe hata kwenye maandishi anajulikana. Meza ikacheka. Huzaifa naye akacheka, lakini jicho lake lilikuwa kwenye kiti kilichokuwa kitupu.

Wakanawa. Biriani ikaanza kuletwa, sahani moja moja, kila sahani na wali wake na vipande viwili vya nyama ya mbuzi juu yake. Na Mohdhar hakuwapo. Ng'ambo ya ua Huzaifa alimwona Jannat akigeuza kichwa kutazama upande wa wanaume, akatazama tena, kisha akainamia maua yake.

Msichana wa Ndinda aliuliza kama aondoe vyombo vya kiti kile, mtu asikae na nafasi tupu ubavuni. Huzaifa akamwambia viache.

Walipokwisha kuanza kula ndipo Mohdhar alipotokea langoni, amevaa kanzu yake ya Idi, jasho kifuani. Alikuwa amepanda tuktuk ikamshusha njia panda, na kule Kizingo watu huendesha magari, hakuna wa kumwelekeza mtembea kwa miguu. Akasimama. Mtu mwenye kiburi akichelewa karamuni anapata tabu, hajui aende wapi, na akikaribishwa kwa sauti ndiyo mbaya zaidi. Huzaifa alijua hivyo, kwa sababu walikuwa na kiburi kimoja. Kwa hivyo hakumwita. Akaisogeza ile ndimu kidogo ukingoni, ikaonekana.

Mohdhar alisoma meza kwa macho, jina kwa jina, akafika kwenye lake. Akaangalia lilipo, akaangalia aliyeketi jirani yake. Kisha akaja akakaa, kama mtu anayetii amri ya serikali.

"Shikamoo, kaka," akasema Huzaifa.

"Marahaba." Akaigusa kadi. "Nani amenipanga hapa?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Biriani yake ikaletwa. Akanawa kwenye bakuli, akasema bismillahi, lakini mkono haukwenda. Alikaa akiitazama ile sahani, wali wake peke yake, nyama yake peke yake iliyokwisha kugawanywa na mtu wa jikoni asiyemjua. Huzaifa aliitambua ile hali. Tangu wadogo mama yao alikuwa akificha nyama chini ya wali katikati ya sinia, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa mpaka Mohdhar, kwa kuwa ni mkubwa, aifukue aigawe. Angeipasua kwa vidole akamsukumia kila mtu upande wake. Hata walipokuwa wamegombana mchana kutwa, hata Huzaifa alipokuwa amemvunjia taa ya baiskeli, kile kipande chenye mafuta kilisukumwa upande wa Huzaifa. Hapakuwa na samahani katika nyumba ile. Palikuwa na nyama iliyosogezwa.

Adhuhuri zote zile, yule mtu alikuwa akila peke yake bila wa kumgawia.

Huzaifa akaondoa bilauri yake. Akaondoa kijiko na uma, akaondoa bakuli la maji, akaondoa asumini akaziweka kando. Kisha akaishika sahani yake kwa mikono miwili akaisukuma mpaka katikati yao. Ile ya Mohdhar akaiinua akampa msichana aliyekuwa anapita, akamwambia airudishe jikoni. Msichana akamtazama Ndinda. Ndinda akaitikia kwa kichwa kwamba apeleke.

"Nigawie, kaka," akasema Huzaifa.

Bwana Zulia akaacha kutafuna. Mohdhar akakunja mkono wa kanzu. Akakamua ndimu yenye jina lake juu ya wali, mbegu na yote, akashika kipande kikubwa akakipasua. Huzaifa akanyoosha mkono.

"Subiri," Mohdhar akamwambia. "Usianze kabla sijamaliza kugawa. Husikii wewe, tangu utotoni husikii."

Huzaifa akaurudisha mkono mapajani, akasubiri.